Ada za kibali cha ujenzi Uganda: nani anadai nini, na risiti ipi uishike

"Kupitisha plani ni shilingi ngapi?" Swali hili huulizwa Bombo, huulizwa Arua, huulizwa Kisenyi, na anayelijibu kwa tarakimu moja ama hajui, ama ana mipango na pesa zako. Kupitisha plani ni jina la mtaani la mambo mengi. Ndani yake mna ruhusa mbili za serikali, wataalamu wanaolipwa kabla ofisi haijaona karatasi hata moja, idara za pembeni zinazoingia kulingana na mahali ploti ilipo, na mwisho zile pesa za njiani ambazo hazina sheria wala risiti. Ukimkabidhi mtu mmoja kitita cha "plani yote", hutajua kipi kimelipwa na kipi kimeliwa.

Ruhusa ya kwanza ni ya matumizi ya ardhi. Inatokana na sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2010, ile iliyotangaza nchi nzima ya Uganda kuwa eneo la mipango. Kwa hiyo hoja ya "huku kwetu ni kijijini, hakuna plani" ilikufa mwaka huo, ingawa bado inatembea. Maombi hujazwa kwenye fomu ya PPA1 na kupelekwa kwa afisa mipango, kisha kamati ya mipango ya eneo huamua: je, mahali hapa panafaa nyumba ya kuishi, duka, ghala, kanisa au msikiti? Kugawa ploti na kubadili matumizi, kwa mfano nyumba ya kuishi kuwa shule, nako kunataka ruhusa hii hii, na kila ombi lina ada yake.

Ruhusa ya pili ni kibali cha ujenzi chenyewe. Hii ni ya sheria ya udhibiti wa ujenzi ya mwaka 2013, ambayo kanuni zake zilitoka mwaka 2020. Hapa anayeamua ni kamati ya majengo, na juu yake iko bodi ya taifa inayoitwa NBRB. Swali lao ni jingine kabisa: je, jengo hili litasimama, litapitisha hewa, watu watatoka salama moto ukiwaka?

Makosa mengi ya pesa huzaliwa kwenye mpaka wa ruhusa hizi mbili. Mtu analipa ada ya PPA1, anapata barua ya kamati ya mipango, anaita mafundi wachimbe msingi. Wiki ya tatu anakuja mkaguzi wa majengo na kupaka ukuta rangi nyekundu. Mwenye nyumba anatoa barua na risiti, na vyote ni vya kweli, lakini vinajibu swali ambalo mkaguzi hakuuliza. Wengine hawafiki hata kwenye barua, wanaishia kwenye risiti ya benki na kuiona kama ruhusa. Risiti inasema umelipa kukaguliwa. Haisemi umekubaliwa, na kamati ikikataa ombi, usitegemee kurudishiwa.

Kabla ya ofisi: karatasi za ardhi

Gharama za kwanza wala si za mipango, ni za kuthibitisha kwamba ardhi ni yako na inaishia pale unapodhani inaishia. Uganda tuna aina nne za umiliki kwa Katiba ya 1995: mailo (umiliki wa kudumu wa hasa Buganda), umiliki huru, ukodishaji na ardhi ya kimila. Kila moja ina njia yake ya kula pesa.

Mwenye kyapa, yaani hati ya ardhi, huanza kwa kuchunguza hati kwenye ofisi ya ardhi ya kanda. Fanya hivyo hata kama hati iko mkononi mwako na karatasi yake inang'aa. Rehani ya benki au zuio la mahakama huenda lisionekane kwenye nakala yako, lakini linaonekana kwenye daftari la serikali. Kisha mlipe mpimaji aliyesajiliwa akufungulie mipaka. Ukiruka hatua hii, msanifu atachora nyumba kwenye ploti ya mdomo wa dalali.

Hesabu ya ploti ya mdomo iko hivi. "Fifti kwa handredi" ni futi 50 kwa 100, yaani mita 15.24 kwa 30.48, ambazo zinatoa mita za mraba 464.5. Desimali moja ni sehemu ya mia ya ekari, karibu mita za mraba 40.5. Kwa hiyo ploti hiyo ni desimali 11 na nusu. Dalali anaiita desimali 12, ambazo zingekuwa mita za mraba 485.6. Tofauti ya mita 21 za mraba ni ukubwa wa chumba na veranda yake. Hati inaandika hekta, mchoro unaandika mita, makubaliano ya mauziano yanaandika futi, na afisa akiona namba tatu zisizokubaliana anarudisha faili. Badilisha zote kuwa mita kabla ya kuchora.

Aliyenunua kipande ndani ya hati mama ana safari ndefu zaidi: kupima, kuomba kugawa, fomu za mgawanyo zenye saini ya mwenye hati, ndipo hati mpya itoke. Ile ruhusa ya kugawa nayo hupitia kamati ya mipango. Watu wengi hupanga bajeti ya nyumba wakisahau kwamba kamati itakutana nao mara mbili.

Mwenye kibanja kwenye mailo, yaani anayekaa kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine, anahitaji ridhaa ya maandishi ya mwenye ardhi. Hapa pana mkanganyiko wa makusudi. Busuulu ni kodi ya mwaka iliyowekwa na serikali, shilingi 50,000 ndani ya jiji na 5,000 kijijini, na stakabadhi yake inasaidia kuonyesha kuwa unatambulika. Ridhaa ya kujenga ni jambo la pili, la mapatano. Baadhi ya wenye ardhi huziunganisha mbili hizi na kutaja kitita cha mamilioni wakikiita busuulu. Mwambie akuandikie mbili, kila moja na kiasi chake.

Aliyekodishwa ardhi mjini asome masharti yaliyo nyuma ya hati. Mara nyingi muda wa mwanzo ni miaka 5 tu, na unaongezwa hadi 49 au zaidi ukishajenga kama ulivyoahidi. Ukichelewa, kabla ya kibali utalipia kuongeza muda pamoja na malimbikizo ya kodi ya ardhi. Hapo ndipo mtu anashangaa plani "imepanda bei", kumbe plani haijaguswa.

Wataalamu

Michoro ya usanifu inatakiwa iwe na muhuri wa msanifu aliyesajiliwa na bodi ya wasanifu, na michoro ya nondo, nguzo na msingi muhuri wa injinia aliyesajiliwa na bodi ya mainjinia. Vyeti vyao vya kufanyia kazi ni vya mwaka mmoja mmoja. Ombi linaloingia Januari na cheti cha mwaka uliopita linarudi, na kosa ni la mtaalamu wala si lako, lakini wiki zinazopotea ni zako. Omba nakala ya cheti kabla ya kulipa awamu ya kwanza. Muhuri wa kughushi wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, unatoka haraka na kwa bei ya chakula cha mchana. Siku jina linapotafutwa kwenye orodha ya bodi na kukosekana, unaanza upya ukiwa na faili lenye doa.

Bei zao ni za mapatano, lakini kuna mambo mawili ya kuuliza. La kwanza ni VAT. Mtaalamu aliyesajiliwa kwa VAT anaongeza asilimia 18, kwa hiyo "milioni nne" zinaweza kuwa 4,720,000 siku ya ankara. Uliza kama bei ina VAT ndani, na udai ankara ya EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, URA. La pili ni marekebisho. Kamati ikisema sogeza choo au panua ngazi, je, kuchora upya kumo ndani ya bei, na mara ngapi? Yaandikwe. Msanifu asiyejibu swali hili ana jibu lake tayari.

Jengo la ghorofa kadhaa huongeza uchunguzi wa udongo. Pesa zake zinauma kwa sababu unazitoa ukiwa huna hata tofali, na hakuna anayeona matokeo zaidi ya injinia. Lakini msingi uliochorwa kwa kubahatisha ama utakuwa mnene kupita kiasi, na hapo saruji na nondo zinapotea kuliko gharama ya uchunguzi, ama utakuwa mwembamba. Kwenye mabonde ya Kampala, ambako udongo mweusi umefunikwa na kifusi cha juzi, usibishane na injinia juu ya hili.

Ada ya serikali inavyohesabiwa

Msingi wa hesabu ya kibali cha jengo la kawaida ni eneo la sakafu, likizidishwa kwa kiwango kinachotegemea aina ya jengo na mahali. Nyumba ya kuishi na jengo la biashara havilipi sawa. Kiwango kichukue kutoka kwenye jedwali rasmi la ofisi husika siku unayoomba, kwa sababu nakala zinazozunguka WhatsApp mara nyingi ni za miaka iliyopita. Kinachokuhusu zaidi ni ile namba unayoizidisha.

Tuchukue nyumba ya mita 12 kwa 10 kutoka nje ya ukuta hadi nje ya ukuta. Hiyo ni mita za mraba 120. Ikiwa ya ghorofa moja juu, unahesabu sakafu mbili: 240. Sasa kuna wachoraji wanaopima ndani ya kuta. Ukuta wa milimita 230 ukiutoa kila upande, unabaki na mita 11.54 kwa 9.54, yaani 110.1. Kwa sakafu mbili umepunguza karibu mita 20 za mraba. Kwa kiwango cha mfano tu cha shilingi 1,000 kwa mita, hizo ni shilingi 20,000 "zilizookolewa". Halafu mkaguzi anajumlisha vipimo vya nje kwenye mchoro, anapata 240, fomu inasema 220, na faili linarudi. Umeokoa 20,000 ukapoteza mwezi.

Veranda yenye paa, baraza la juu, gereji na nyumba ya mlinzi ndivyo husahauliwa sana. Ukuta wa uzio nao ni ujenzi, na huhesabiwa kwa urefu. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mzunguko wa mita 91.4, kwa hiyo uzio kamili usiufikirie kama jambo dogo la kuongezwa baadaye. Uingize kwenye ombi la kwanza.

Na kama unachora ghorofa tatu lakini pesa zako zinatosha moja, fikiri vizuri. Ukiomba zote unalipia zote sasa. Ukiomba moja halafu ukajenga msingi wa tatu "kimya kimya", injinia aliyesaini moja hatakubali kusainia nyingine, na utalipia uchunguzi wa jengo lililosimama, ambao ni ghali kuliko kuchora. Ushauri wangu kwa mwenye uhakika wa kupanda juu ni aombe zote na ajenge kwa awamu, huku akimuuliza afisa kibali kinadumu muda gani ili kisije kikaisha njiani.

Namba ya PRN

Ada ya serikali hailipwi mkononi. Ofisi au mfumo wa mtandaoni hutoa namba ya malipo, PRN, ambayo unailipa benki au kwa simu kupitia *165# ya MTN au *185# ya Airtel. Maombi yenyewe ofisi nyingi hupokea kupitia BIMS, mfumo wa NBRB, ambako michoro inapakiwa kama PDF.

Kabla ya kubonyeza kulipa, soma PRN kama unavyosoma hati. Angalia jina la mlipaji kwanza. Msanifu akitoa PRN kwa TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni yake, risiti itakuwa ya kampuni yake, na mkigombana katikati utaeleza kwa nini mwombaji ni mmoja na mlipaji mwingine. Kisha angalia aina ya malipo, halafu mpokeaji. Mpokeaji ndiye anayewaponza watu wa pembezoni mwa Kampala. Wilaya ya Wakiso ina manispaa ndani yake: Entebbe, Kira, Nansana na Makindye-Ssabagabo. Mwenye ploti Bweyogerere husema anakaa Wakiso, analipa Wakiso, kumbe ofisi yake ni Kira. Mwingine yuko upande huu wa barabara ambao ni wa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, tarafa ya Nakawa, na jirani yake ng'ambo ni Kira. Pesa iliyoingia akaunti ya mamlaka nyingine hairudi kwa kupiga simu; inataka barua, subira, na mara nyingi unalipa upya wakati unasubiri. Miji iliyopandishwa kuwa majiji mwaka 2020, kama Arua, Gulu, Jinja, Mbale na Mbarara, ilimeza maeneo yaliyokuwa ya wilaya, na huko bado utakuta watu wenye barua za ofisi ya zamani.

PRN ina tarehe ya kuisha. Ikipita, omba nyingine, usijaribu kulazimisha. Ukishalipa, hakikisha kwenye tovuti ya URA kwamba imesomeka, upige picha ya skrini, kisha uchapishe. Na kwa wanaoogopa ushuru wa asilimia 0.5 wa pesa za simu: huo ni wa kutoa pesa kwa wakala. Kulipia PRN moja kwa moja kwenye simu hakukupi ushuru huo, ila ada ya mtandao ipo.

Wanaoingia kutoka pembeni

Hawa hawakuhusu wote, ndiyo maana bei ya jirani haikusaidii. Ploti iliyo karibu na maji inakupeleka NEMA, mamlaka ya mazingira. Ukanda unaolindwa ni mita 200 kutoka ziwa kubwa kama Victoria, mita 100 kwa maziwa madogo, mita 100 kwa mito mikubwa na 30 kwa mito mingine. Ndani ya ukanda huo usinunue mchoro kwanza. Uliza kwanza kama utaruhusiwa, maana mchoro mzuri hauhamishi ziwa. Miradi mikubwa hudaiwa tathmini ya mazingira, na hapo unalipa mara mbili: mshauri anayeandika ripoti, na ada ya NEMA ya kuipitia.

Jengo refu karibu na njia za ndege za Entebbe hutaka neno la mamlaka ya anga. Jengo litakalokuwa mahali pa kazi, kama karakana au kiwanda, lina idara ya usalama kazini ya wizara ya kazi. Ploti inayogusa barabara kuu lazima ijue hifadhi ya barabara inaishia wapi. Ofisi yoyote kati ya hizi ikikudai pesa, swali ni lile lile: PRN iko wapi?

Umeme na maji si sehemu ya kibali. Tangu Aprili 2025 usambazaji wa umeme ni wa UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa kampuni iitwayo Umeme kuisha, na maji katika miji mingi ni ya NWSC, shirika la maji la taifa. Gharama zao ziweke ukurasa mwingine wa bajeti. Kadhalika ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 unapohamisha hati, na kodi ya majengo ya KCCA ambayo nyumba unayoishi mwenyewe hailipi.

Pesa za njiani

Barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, utaihitaji, na huko kuna kinachoitwa ada ya muhuri. Kiasi chake hutegemea kijiji na sura yako. Toa heshima, msalimie mzee vizuri, na omba risiti. Penye kitabu cha risiti kiasi huwa kidogo kuliko pasipo na kitabu.

Mafuta ya gari la mkaguzi si ada. Chakula cha kamati si ada. "Kusukuma faili" si ada. Tatizo la kulipa haya haliishii kwenye maadili: anayelipa mafuta mara ya kwanza amejulikana kuwa ni mtu wa mafuta, na jengo lina ukaguzi zaidi ya mmoja, kuanzia msingi hadi paa. Kamati haikai kila siku, na uhaba huo ndio unaouzwa. Dawa yake ni kuuliza tarehe ya kikao kijacho na siku ya mwisho ya kupokea faili, ukapeleka mapema likiwa kamili. Mtumishi akidai kwa ukali, liko dawati la IGG, mkaguzi mkuu wa serikali.

Faili linaporudi

Sababu za kurudi zinajirudia. Nyumba imebanwa mpakani, hakuna nafasi ya gari, tangi la choo na shimo lake havitoshi kwenye ploti, dirisha la chumba linatazama ukuta wa jirani. Kwa majengo ya umma na ya biashara, kinachokosekana ni njia ya kiti cha magurudumu. Mteremko wake ni 1 kwa 12, yaani sakafu iliyoinuliwa sentimita 60 inataka njia ya mita 7.2 bila kuhesabu mahali pa kupumzikia. Kwenye ploti yenye upana wa mita 15 hiyo ni karibu nusu ya upana wote, na msanifu anayeichora mwishoni huishia kuvunja ngazi zote. Kupunguza kimo cha sakafu mwanzoni ni bure.

Soma barua ya kamati kwa makini kuona kama imeahirisha, imekubali kwa masharti, au imekataa. Iliyoahirishwa hujibiwa kwa marekebisho kwenye faili lile lile, kwa hiyo usikubali haraka kufunguliwa ombi jipya lenye ada mpya kabla hujauliza. Iliyokataa ina ngazi za rufaa juu yake. Sheria hizi hutaja faini kwa pointi za sarafu, ambapo pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo usicheke ukiona imeandikwa "pointi hamsini".

Aliyekwisha jenga bila kibali anaweza kujaribu kurasimisha. Atalipia michoro ya jengo lilivyo, injinia wa kulikagua, ada ya kawaida na adhabu. Na kama limesimama kwenye hifadhi ya barabara au kinamasi, hakuna mchoro utakaolisaidia.

Jengo likiisha, bado kuna kibali cha kuingia ndani. Watu wengi hawakijui hadi mpangaji kama benki au shule anapokidai. Kinahitaji kumbukumbu za ukaguzi wa kila hatua, zile ambazo fundi alikwambia ni za wazungu, na ripoti ya injinia aliyesimamia. Kwa hiyo weka faili moja, si la simu pekee: hati au ridhaa, barua zote mbili za kamati, michoro yenye mihuri, kila PRN na risiti yake, na fomu za ukaguzi zilizosainiwa zikiwa na tarehe. Nakala ya michoro iliyopitishwa ikae saiti pia, kwenye mfuko wa nailoni, mahali fundi hawezi kuifanya kibao cha kuchanganyia rangi.